Njia ya Kusini: Wahedi wa Sitini na Karata za Wawili kwa Wawili katika Delta ya Rufiji

Wahedi wa sitini, jina ambalo kwa hesabu ya Kiarabu ni sitini na moja, ni mchezo wa karata wa barazani ulioenea katika pwani ya Waswahili, na nchi ya Rufiji, ambayo mto wake huingia baharini kwa matawi mengi mkabala wa kisiwa cha Mafia, imo ndani ya eneo hilo la utamaduni. Katika umbo lake la watu wanne, wachezaji huketi wawili dhidi ya wawili, kila mmoja akielekeana na mwenzi wake, na upande unaokusanya alama 61 au zaidi ndio unaoshinda. Historia ya mchezo huu kwa kawaida humalizwa kwa kauli moja, kwamba karata zililetwa na Wareno. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi, kwa kuwa Wareno walifika pwani hii kwa nyakati na njia mbalimbali, nao mchezo umehifadhi ndani ya kanuni zake alama za wakati na njia uliyopitia.

Karata zenyewe zina safari ndefu kuliko ya Wareno. Ulaya zilianza kutajwa katika miaka ya 1370, zikiwa zimetoka katika dola ya Wamamluki wa Misri, na karata za Wamamluki zilizohifadhiwa katika kasri la Topkapı mjini Istanbul zina makundi manne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Waitalia, Wahispania na Wareno waliyapokea makundi hayo, ila fimbo za polo, mchezo ambao kwao haukuwa na mazoea, ziligeuka marungu. Baadaye, katika karne ya 15, mafundi wa Ufaransa walibuni alama nyepesi zaidi kuchapa, ambazo ndizo zinazoonekana leo katika karata zinazouzwa madukani duniani kote. Hata hivyo Mswahili anayeshika karata yenye moyo mwekundu huiita kopa, yaani kikombe kwa Kireno. Yenye umbo la almasi ni uru, dhahabu. Na zile nyeusi ni shupaza, upanga, na pau, rungu. Wareno nao hutaja majina ya kale juu ya picha mpya kwa namna hiyo hiyo. 

Majina hayo, hata hivyo, yanathibitisha tu kwamba karata zilipitia kwa watu wenye lugha ya Kireno. Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika thamani ya karata. Katika wahedi wa sitini, karata za nane, tisa na kumi huondolewa, zikabaki 40. Ree, ambayo ni karata yenye alama moja, ina thamani ya 11, na inayoifuata si mfalme bali ni saba, yenye thamani ya 10. Kisha huja zile zenye picha za watu, ambazo waandishi wa kamusi za Kiswahili za zamani waliziorodhesha kwa jina la wazungu: mzungu wa nne ndiye mfalme, mzungu wa tatu ndiye ghulamu, na mzungu wa pili ndiye bibi, na nambari hizo ndizo alama ambazo kila mmoja humletea aliyemla. Zilizobaki, kuanzia sita hadi mbili, hazina alama yoyote na huitwa magarasa. Kila kundi basi lina alama 30, makundi yote manne yana 120, na kwa kuwa 60 ni nusu kamili, ushindi huanza pale nusu inapovukwa kwa moja.

Hesabu ya namna hii si ya Wareno peke yao, kwani Italia ina mchezo wa briscola, Hispania ina brisca, na Ufaransa ilikuwa na brusquembille, yote ikiwa na alama zile zile za 11, 10, 4, 3 na 2. Tofauti iko kwenye karata ya pili kwa ukubwa. Kwa Waitalia na Wahispania ni tatu, na kwa Wafaransa ni kumi, ilhali kwa Wareno, katika michezo yao ya bisca na sueca, ni saba. Vilevile ni Wareno wanaomweka bibi chini ya ghulamu, jambo linaloeleweka kwa kukumbuka kwamba katika karata zao za zamani mwenye cheo cha mwisho miongoni mwa picha alikuwa mjakazi, na bibi wa Kifaransa alipoingia alikalia nafasi ile ile. Hili ni muhimu kwa historia ya ukanda wa Rufiji na Kilwa, kwa sababu Wafaransa nao walikuwa na shughuli zao huko, na mwaka 1776 mfanyabiashara Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa. Lau mchezo ungetoka kwao, saba isingekuwa na ukubwa huo.

Swali la wakati ni gumu zaidi, na hapa ndipo maoni yaliyozoeleka yanapohitaji kurekebishwa. Msomaji wa historia hushawishika kuufunga mchezo na Francisco de Almeida, aliyeiteka Kilwa mwezi Julai 1505 na kujenga ngome ambayo Wareno waliiacha miaka michache baadaye, au na Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na kutwaliwa na Waomani mwaka 1698. Lakini brusquembille, ambayo ni ya kale miongoni mwa michezo ya hesabu hii yenye kanuni zilizochapwa, iliingia kitabuni nchini Ufaransa mwaka 1718, wakati Wareno walikuwa wameshapoteza pwani yote iliyo kaskazini ya Ruvuma, isipokuwa kwa kipindi kifupi walichorudi Mombasa mwaka 1728 na 1729. Kwa mizani ya ushahidi huo, karata na majina ya makundi yake huenda yakawa ya kale, masalio ya maaskari na mabaharia wa karne ya 16 na ya 17, bali wahedi wa sitini wenyewe una dalili zote za kuwa mchezo wa baadaye, uliopanda kutoka kusini kwa jahazi za biashara zilizounganisha kisiwa cha Msumbiji, Ibo, Kilwa na Zanzibar, na kupata nguvu mpya katika karne ya 19, Wagoa waliokuwa raia wa Kireno walipohamia Zanzibar kama makarani, wapishi na mafundi wa nguo. Kwamba jina lake ni la Kiarabu halipingani na hoja hiyo. Linaonyesha tu kwamba mchezo ulitulia katika miji ambayo hesabu za biashara zilifanywa na watu waliozoea namba za Kiarabu.

Delta ya Rufiji imo katikati ya njia hiyo ya jahazi. Misitu yake ya mikoko, iliyo mikubwa kuliko mingine yoyote katika pwani ya Afrika Mashariki, ilitoa boriti na mapau yaliyoezeka nyumba za Lamu na Zanzibar, na kuvuka bahari hadi Uarabuni na Ghuba, ambako miti mirefu ya kujengea haikuwapo. Wajerumani waliokuwa na ofisi yao ya wilaya huko Mohoro waliifanya misitu hiyo kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1898, bila kuikomesha biashara, na bado mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, aliingia katika delta akiwa ndani ya chombo cha Kuwait kilichokuja kupakia boriti. Kazi hiyo ilitawaliwa na maji: chombo kiliingia mtoni maji yalipojaa na kukwama yalipotoka, miti ilikatwa na kuvutwa kwa mitumbwi kutoka vijito vya ndani, na safari ya kurudi kaskazini haikuanza kabla ya upepo wa kusi. Katika maisha yenye kungoja kwingi kiasi hicho, mchezo unaotiwa mfukoni na usiohitaji meza wala taa kubwa hupata makao kwa urahisi, iwe chomboni, iwe katika bandari kama Salale na Nyamisati.

Kilichoufanya mchezo huu upendwe na wazee, hata hivyo, ni utaratibu wake wa ushirika, na kujifunza kwake ni kujifunza ushirika huo hatua kwa hatua. Anayeanza huketi kwanza nyuma ya mchezaji, akitazama bila kusema, kwa kuwa neno moja la mtazamaji huweza kufichua mkono mzima. Kanuni zenyewe huzipata upesi: karata huchangwa na kugawiwa, kundi moja hutangazwa kuwa turufu, yaani kundi lililo juu ya mengine yote, na katika kila mzunguko kila mchezaji hutoa karata moja, aliyetoa kubwa akala zote nne na kuanza mzunguko unaofuata. Mahali pengine karata zote 40 hugawiwa kwa mara moja, kumi kwa kila mmoja, na asiyefuata kundi lililoanza ilhali analo huhesabiwa amevunja mchezo; pengine kila mmoja hupewa tatu na nyingine huwekwa rundo, akila mtu wachezaji wakalamba moja moja. Usemi wa Watanzania kwamba fulani amelamba dume au amelamba garasa umetoka katika rundo hilo la karata.

Ugumu huja baadaye. Mwanafunzi hulazimika kujua lini amjazie mwenzi wake, maana yake ni kutoa karata yenye alama nyingi katika mzunguko ambao mwenzi ameshaushika, na lini atoe garasa kwa sababu mzunguko unaelekea kwa wapinzani. Hujifunza kutoiachia saba ya turufu mapema, kwani ree ya turufu ikiwa bado haijatoka, saba hiyo huliwa pamoja na alama zake kumi. Hulazimika pia kuhesabu turufu zilizokwisha kutoka, na, jambo lililo gumu kupita yote, kusoma karata aliyotoa mwenzi kama taarifa, kwa kuwa mchezaji mwelewa hasemi kwa mdomo wala kwa kukonyeza bali kwa karata anayoichagua na ile anayoizuia. Huu ni ujuzi wa kumbukumbu na uadilifu kwa pamoja, na ni haki kuuhesabu miongoni mwa elimu za baraza, sawa na bao na mashairi.

Katika jamii ya Kiislamu ya Rufiji na Kibiti, karata hazikukosa wapinzani. Kamari imeharamishwa waziwazi, na mchezo wowote unaokula wakati wa swala hupata lawama, hata usipokuwa na fedha. Mchezo wa wawili kwa wawili ulikuwa na kinga fulani hapo, kwa kuwa ushindi wake ni wa heshima na utani, na upande ulioshindwa huinuka kupisha jozi nyingine bila kupoteza senti.

Mabadiliko ya makazi yalibadilisha pia mahali pa kuchezea. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha wakulima wengi kutoka bonde la mto, ambako waliishi kwa kutawanyika karibu na mashamba yao ya mpunga, na kuwaweka katika vijiji vya nchi ya juu. Daraja la Mkapa juu ya mto huo lilipofunguliwa mwaka 2003, barabara ya Kilwa ikazidi kuwa na shughuli, Kibiti ikakua na baadaye kuwa makao ya wilaya yake yenyewe, na kijiwe cha waendesha bodaboda kikaja kuwa baraza ya aina nyingine. Vijana hapo huelekea zaidi mchezo wa kumaliza karata mkononi wanaouita lasti kadi, ambao kila mmoja huucheza peke yake na ambao abiria akifika huachwa bila kuharibika, tofauti na wahedi wa sitini, ambao mmoja wa wanne akiondoka umekwisha. Ndiyo sababu kanuni zake zinastahili kuandikwa kijiji kwa kijiji wakati wazee wanaozijua wangali barazani: nani huanza kutoa, turufu huchaguliwaje, ishara zipi huruhusiwa kati ya wenzi, na ni adhabu gani humpata aliyeficha kundi alilokuwa nalo.