Ufa Katika Nyumba Isiyo na Mwenyewe: Historia ya Udhaifu wa Heartbleed, 2011–2014

Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kwamba OpenSSL, maktaba ya programu ya usimbaji iliyolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, ilikuwa na udhaifu uliopewa jina la Heartbleed. Makala haya yanatoa hoja kwamba chanzo cha tukio hilo hakikuwa kosa la mwandishi mmoja wa programu tu, bali pia mazoea ya kutumia mali ya wote bila kugharimia utunzaji wake.

Mradi wa OpenSSL ulianza mwaka 1998, ukirithi kazi ya awali iliyoitwa SSLeay. Kwa kuwa maktaba hiyo ilikuwa huria na haikulipiwa, ilitumiwa na kampuni na serikali nyingi. Tarehe 31 Desemba 2011 iliingizwa nyongeza mpya, nayo ikatolewa kwa umma katika toleo la 1.0.1, Machi 2012.

Nyongeza hiyo iliziwezesha kompyuta mbili kuhakikisha kwamba bado zimeunganishwa: moja hutuma ujumbe mfupi na kutaja urefu wake, nyingine huurudisha kama ulivyo. Kosa ni kwamba mpokeaji aliuamini urefu uliotajwa bila kuulinganisha na ujumbe uliofika. Aliyetuma herufi moja na kudai ametuma maelfu alirudishiwa herufi yake pamoja na yaliyokuwa jirani katika kumbukumbu ya seva: nywila, vipande vya barua, hata funguo za siri. Kila ombi liliweza kutoa hadi kilobaiti 64, na kwa kawaida halikuacha alama yoyote. Lugha ya C, iliyotumika kuandika OpenSSL, haikagui yenyewe mipaka ya kumbukumbu; jukumu hilo humwachia mwandishi.

Udhaifu huo uligunduliwa na mtafiti wa Google na, kwa njia yao wenyewe, wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Finland. Kampuni ya Netcraft ilikadiria kuwa tovuti zipatazo nusu milioni ziliathirika. Toleo la marekebisho lilitoka siku ileile ya tangazo, lakini halikutosha. Aliyekwisha kuiba ufunguo angeendelea kuutumia, hivyo ilibidi funguo zibadilishwe na vyeti vya zamani vibatilishwe. Nchini Kanada, mamlaka ya mapato ilitangaza kwamba namba za bima ya jamii za watu wapatao 900 ziliibwa.

Ndipo hali ya mradi wenyewe ilipojulikana. Michango ya hiari ilikuwa takriban dola 2,000 za Marekani kwa mwaka, na mtu mmoja tu ndiye aliyeufanyia kazi muda wote. Mwezi huohuo Linux Foundation ilikusanya kampuni kubwa kuchangia mfuko wa kutunza programu za msingi. Wengine walichagua kujitenga: OpenBSD ilianzisha LibreSSL, na Google ikatengeneza BoringSSL.

Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta humchukulia msikilizaji kuwa mwenye nyumba. OpenSSL ilikuwa na wapangaji wengi, na kila mmoja alidhani ufa ni kazi ya mwingine. Kwa watunga sera, funzo ni kwamba programu ya bure ina gharama ya ukaguzi na matunzo. Serikali inayoitegemea programu hiyo haina budi kuitengea gharama hiyo fungu katika bajeti kabla ya madhara, si baada yake.