Wazazi, Tiki na Chupa ya Vitamini

Mwaka 1825 daktari Mfaransa Jean Itard alieleza habari za mwanamke wa ukoo wa kikabaila, Marquise de Dampierre. Tangu akiwa na umri wa miaka 7 mikono yake ilikuwa ikirukaruka yenyewe, kisha uso na shingo, na hatimaye sauti na matusi vikawa vinamponyoka katikati ya mazungumzo. Miaka 60 baadaye, mwaka 1885, Georges Gilles de la Tourette, msaidizi wa daktari Jean-Martin Charcot katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alimweka mwanamke huyo katika orodha ya wagonjwa 9 na kuandika makala iliyofanya hali hiyo iitwe Tourette.

Mitikisiko na sauti hizo zisizokusudiwa madaktari huziita tiki, na tangu Tourette hakuna kizazi kilichokosa dawa yake. Mwaka 1902 madaktari Henry Meige na Louis Feindel walichapisha kitabu kizima juu ya tiki na tiba zake. Tegemeo lao lilikuwa mazoezi: mgonjwa asimame mbele ya kioo, ajizuie kutikisika kwa sekunde chache, na kesho aongezewe muda. Baadaye wakaja wafuasi wa Freud. Sándor Ferenczi aliandika mwaka 1921 kwamba asili ya tiki imo katika nafsi, na kwa miongo kadhaa mtoto aliyekuwa akitingisha shingo alipelekwa kuchambuliwa moyo wake huku mama yake akiulizwa amemlea vipi. Ulikuwa mzigo mzito kumtwisha mzazi, na haukuwa na ushahidi.

Kwa nini kila tiba ilipata watu wa kuisifu? Jibu limo katika mwenendo wa tiki zenyewe. Kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miaka 5 hadi 7: macho yanapepesa, pua inavutwa, koo linakohoa pasipo kikohozi. Hupanda na kushuka. Wiki mbili ni kali kiasi cha mwalimu kupiga simu nyumbani, wiki ya tatu karibu zimepotea, kisha inazuka nyingine mahali pa ile ya zamani. Kwa wengi kilele hufika kwenye miaka 10 hadi 12, na ujanani zinapungua. Sasa, mzazi hatafuti dawa mtoto akiwa ametulia. Huitafuta siku ambazo hali ni mbaya kabisa. Chochote atakachoanza kumpa wakati huo, kiwe maji ya baridi, sala au kidonge, kitakutana na nafuu iliyokuwa njiani. Mzazi anayeshuhudia kwamba kidonge kimemsaidia mwanawe hasemi uongo. Nafuu ameiona kwa macho yake.

Mtu aliyelielewa jambo hili kuliko wengi alikuwa Arthur Shapiro, daktari wa magonjwa ya akili wa New York. Kabla hajashughulika na Tourette alikuwa ameandika juu ya historia ya vidonge visivyo na dawa ndani yake, na jinsi imani peke yake inavyoweza kumpa mgonjwa nafuu. Mwaka 1968 yeye na mkewe Elaine walichapisha habari za mwanamke kijana aliyepata nafuu kubwa kwa haloperidoli, dawa ambayo madaktari wa Ulaya walikuwa wameshaijaribu tangu 1961. Kwa akina Shapiro hiyo ilionyesha kwamba tiki ni hali ya ubongo, na malezi hayana hatia. Mwaka 1972 wazazi wa New York walianzisha chama chao cha Tourette.

Lakini haloperidoli ilikuwa na bei yake. Watoto walisinzia darasani, misuli ilikakamaa, uzito ukaongezeka. Wazazi wakaanza kuuliza kama hakuna kitu cha upole zaidi.

Jibu lilikuwa linasubiri dukani. Mwaka huohuo wa 1968 Linus Pauling, mshindi wa tuzo mbili za Nobel, aliandika katika jarida la Science kwamba maradhi ya akili yanaweza kutibiwa kwa kuupa mwili vitamini na madini kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1973 jopo la chama cha madaktari wa akili wa Marekani lilipinga madai ya tiba hiyo, lakini jina la Pauling lilikuwa kubwa kuliko ripoti yoyote. Mwaka 1978 Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa San Diego na mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, alichapisha utafiti wa vitamini B6 kwa watoto wa hali hiyo, na B6 ikaanza kutembea pamoja na magnesiamu kutoka familia hadi familia. Kufikia 2009 watafiti wa Hispania walikuwa wamechapisha mpango wa kuijaribu jozi hiyohiyo kwa watoto wenye Tourette.

Sifa ya B6 haikuzuka hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, nchini Marekani, watoto wachanga waliokuwa wakinyweshwa maziwa ya kopo ya aina moja walipatwa na degedege bila homa. Ikagundulika kwamba joto la kuua vijidudu kiwandani lilikuwa limeiharibu B6 ya maziwa hayo. Walipopewa vitamini hiyo, degedege ilikoma. Lakini watoto wale walikuwa na upungufu halisi, sawa na ule unaozifanya kliniki za Kenya na Tanzania ziwape watoto matone ya vitamini A kila miezi 6. Kuziba pengo ni jambo moja. Kumimina juu ya kilichokwisha kujaa ni jingine kabisa.

Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu wazima 7 waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 za B6 kwa siku. Nyayo zilikufa ganzi, wakawa wanayumba wakitembea, kisha vidole vya mikono vikapoteza hisia. Kwa viwango vya Marekani, mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji miligramu 0.6 tu za B6 kwa siku, na hapaswi kuzidi 40. Kidonge kimoja cha mtu mzima mara nyingi kina 50 au 100. Magnesiamu ya vidonge, kwa umri huohuo, isizidi miligramu 110, na dalili ya kwanza ya kuzidisha ni kuhara.

Sheria nayo ililegea. Tangu 1994 mtengenezaji wa virutubisho Marekani halazimiki kuthibitisha kwamba bidhaa yake inafanya kazi kabla ya kuiuza. Haruhusiwi kudai inatibu ugonjwa, kwa hiyo lebo husema inasaidia mfumo wa fahamu, na mzazi mwenye hofu humalizia sentensi mwenyewe.

Majaribio ya haki yalichelewa, na yalipokuja hayakuleta habari njema. Mwaka 2012 watoto na vijana 33 walipewa omega-3 au mafuta ya zeituni kwa wiki 20. Tofauti ya wazi katika ukali wa tiki haikuonekana. Mwaka 2016, katika Chuo Kikuu cha Yale, watoto 31 walipewa kirutubisho cha N-asetilisisteini au kidonge kitupu kwa wiki 12, na makundi hayo mawili yalifanana. Kilichoshinda kilikuwa mafunzo. Mwaka 2010 watoto 126 walishiriki jaribio la kufundishwa kuitambua tiki inapokaribia na kuijibu kwa tendo jingine, na zaidi ya nusu ya waliofundishwa hivyo walipata nafuu. Mwongozo wa madaktari wa mishipa ya fahamu wa Marekani wa 2019 unayaweka mafunzo hayo mbele ya dawa.

Virutubisho havijatoka majumbani, na hakuna sababu ya kuwakemea wazazi. Mtoto anayechagua sana chakula, au ambaye kipimo cha damu kimeonyesha akiba ndogo ya chuma au vitamini D, anastahili kuongezewa. Chuma bila kipimo ni hatari: mwaka 1997 Marekani iliamuru onyo kwenye vifungashio vyake kwa sababu kilikuwa miongoni mwa sumu zinazoongoza kuua watoto wa chini ya miaka 6. Hata hivyo, katika utafiti wa 2009 wa watu 100 wenye Tourette, 64 walikuwa wamejaribu tiba mbadala, na wengi wao walianza bila kumwambia daktari. Ndiyo maana daktari makini humwomba mzazi aje na chupa zote alizo nazo. B6 inaweza kuwa imo kwenye multivitamini, imo tena kwenye magnesiamu, imo na kwenye vile vya kutafuna vyenye ladha ya matunda, na hujumlishwa miligramu kwa miligramu kabla ya kuamua kipi kiachwe.