Habari za Börje Salming, Mgeni wa Toronto

Mwezi wa Septemba 1976, katika ukumbi wa Maple Leaf Gardens mjini Toronto, yalipokuwa yakitajwa majina ya wachezaji wa Sweden waliokwenda kushindania Kombe la Kanada, ilifika zamu ya Börje Salming, na maelfu ya watazamaji, ambao aghalabu yao walikuwa Wakanada, wakasimama wakampigia makofi yasiyotaka kukoma. Siku hiyo hakuvaa jezi ya Toronto Maple Leafs, klabu iliyomwajiri, bali alivaa jezi ya nchi yake, naye alisimama upande wa wageni. Ajuaye alivyopokewa barafuni miaka mitatu kabla ya hapo atafahamu thamani ya makofi yale.

Salming alizaliwa tarehe 17 Aprili 1951 karibu na Kiruna, mji wa machimbo ya chuma ulioko kaskazini kabisa mwa Sweden, ambako katika majira ya baridi jua hukaa siku nyingi lisichomoze. Kwa upande wa baba alikuwa na asili ya Wasami, wenyeji wa kale wa nchi zile. Na baba huyo alifariki kwa ajali machimboni, mwanawe angali mtoto wa miaka mitano. Huko huko kijana alijifunza hoki ya barafuni, mchezo ambao watu sita wa kila upande, wamevaa viatu vyenye makali ya chuma, hufukuzana juu ya barafu wakigombea kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu. Baadaye alijiunga na klabu ya Brynäs ya mji wa Gävle, akawa miongoni mwa walioipatia ubingwa wa Sweden mwaka 1971 na 1972. Hapo ndipo alipoonwa na Gerry McNamara, mjumbe wa Toronto, ambaye safari yake ilikuwa ya kumtazama golikipa, lakini akarudi na habari za beki.

Mwaka 1973 Salming alivuka bahari pamoja na mwenzake Inge Hammarström. Ligi ya NHL ya Amerika ya Kaskazini zama hizo ilikuwa karibu yote mikononi mwa Wakanada. Msweden wa kwanza kuichezea, Ulf Sterner, alicheza mechi nne tu katika New York Rangers mwaka 1965. Watu walisadiki kwamba mchezaji wa Ulaya ana ustadi wa miguu na mikono, ila moyo hana, na kwamba akipigwa mara mbili atafunga mizigo arejee kwao. Kwa hiyo wapinzani, na hasa wale wa Philadelphia waliosifika kwa ubabe, walimpiga kwa magongo na viwiko, wakamtukana kuwa ni mwoga kwa sababu ni Msweden. Dhihaka ilitoka hata nyumbani, kwani Harold Ballard, mwenye klabu ya Toronto, alisema kwamba Hammarström angeweza kuingia kwenye purukushani za pembeni akiwa na mayai mfukoni, na lisivunjike hata moja.

Salming alistahamili, na pale ilipolazimu kupigana alipigana. Lakini hoja yake kubwa ilikuwa kazi. Alijitupa mbele ya kisahani kilichopigwa kwa nguvu zote, akakizuia kwa kiwiliwili chake, kisha akainuka na kuanzisha mashambulizi kwa pasi ambazo wenyeji wenyewe walizistaajabia. Tarehe 26 Novemba 1986, alipokuwa ameanguka langoni, kiatu cha mpinzani kilimchana uso, akashonwa nyuzi zaidi ya 200. Akapona, akarejea barafuni.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa misimu 16 Toronto haikutwaa Kombe la Stanley, taji la NHL, lakini ilikuwa na beki aliyecheza mechi 1,099, akafunga mabao 148 na kutoa pasi 620 za mabao. Alimalizia NHL kwa msimu mmoja katika Detroit Red Wings, akarudi kwao kuichezea AIK ya Stockholm, na mwaka 1996 akawa Msweden wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Fahari la Hoki. Mlango alioubisha kwa mbavu zake walipitia wengine wasioulizwa tena kama wana moyo: Mats Sundin akawa nahodha wa Toronto yenyewe, na Nicklas Lidström akaiongoza Detroit kutwaa Kombe la Stanley mwaka 2008.

Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba Salming ameshikwa na maradhi ya neva yanayodhoofisha misuli, nayo yalimwondolea uwezo wa kusema. Mwezi wa Novemba alikwenda Toronto kwa mara ya mwisho. Mbele ya umati uliosimama, mchezaji mwenzake wa zamani, Darryl Sittler, huku akilia, aliuinua mkono ambao Salming hakuweza tena kuuinua mwenyewe. Katika mechi moja ya siku hizo za kumuenzi, timu ilianza na wachezaji sita, golikipa akiwa mmoja wao, na wote sita walikuwa Wasweden. Salming aliwatazama, kisha akarejea kwao, akafariki tarehe 24 mwezi ule ule, akiwa na umri wa miaka 71.