Fahamu Utaratibu wa Michango ya Hiari katika Shule za Sekondari za Umma Mbulu na Hanang'

Mwananchi, taasisi au kampuni inayotaka kuchangia ujenzi wa madarasa, madawati au vitabu katika shule za sekondari za umma wilayani Mbulu na Hanang', mkoani Manyara, inaruhusiwa kufanya hivyo kwa hiari. Hata hivyo, mchango si sharti la mwanafunzi kupokelewa shuleni, kubaki darasani wala kufanya mtihani.

Wajibu wa Serikali na wa mzazi

Serikali ilifuta ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne kuanzia Januari 2016, na ya Kidato cha Tano na cha Sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023. Kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016, mzazi hubaki na wajibu wa sare, daftari, kalamu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa.

Mchango upitie wapi

Januari 2018, Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, alipiga marufuku walimu kupokea michango na kuelekeza kuwa mzazi mwenye nia ya kuchangia awasilishe mchango wake kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Kwa eneo hili, halmashauri hizo ni tatu: Wilaya ya Hanang', Wilaya ya Mbulu na Mji wa Mbulu. Utaratibu huo humlinda mwanafunzi ambaye mzazi wake hana uwezo, na humwondolea mwalimu kazi ya kudai fedha.

Mchango wa nguvu kazi

Si lazima mchango uwe fedha. Wananchi wengi husomba mawe, mchanga na maji, na kuinua boma ambalo Serikali hulikamilisha. Mwaka 2021, kila darasa lililojengwa kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 lilitengewa shilingi milioni 20. Kwa kuwa boma lisiloezekwa huharibiwa na mvua, ni vyema kijiji kikubaliane na Halmashauri kuhusu ukamilishaji kabla ya kuchimba msingi.

Wakazi wa Hanang' wanaujua uzito wa kutoa kwa hiari. Baada ya maporomoko ya tope ya Katesh ya tarehe 3 Desemba 2023, misaada ilitoka pande nyingi za nchi. Shule nayo ichangiwe kwa moyo huo, na mtoto wa asiyekuwa nacho aendelee kusoma.