Vito na Bima katika Historia ya Uhamaji: Kutoka Mbarara ya 1972 hadi Nakivale

Utangulizi

Katika familia nyingi za Afrika Mashariki, dhahabu ya mwanamke ni pambo na pia ni akiba. Mkufu au bangili aliyopewa kwa mahari ni mali yake mwenyewe. Hubebeka, na siku ya shida huuzwa kwa sonara. Makala haya yanachunguza namna bima ilivyoihusu akiba hiyo katika eneo la Mbarara, kuanzia mtaa wa Nyamityobora mjini hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Hoja yake ni kwamba bima ya vito iliundwa kwa ajili ya mtu aliyetulia nyumbani kwake, na hukoma pale mhamaji anapoihitaji zaidi.

Masharti yaliyorithiwa

Bima ya mali ya nyumbani iliingia Uganda kupitia kampuni za Uingereza. Kwa kawaida, fidia ya vito huwekewa ukomo, isipokuwa kila kipande kiorodheshwe na kuambatishwa stakabadhi au tathmini. Aidha, mwaka 1937 kampuni za Uingereza zilikubaliana kutobeba hasara za vita vya nchi kavu. Hati za namna hiyo huondoa pia utaifishaji.

Athari zake zilidhihirika Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Wafanyabiashara wa Mbarara, kama wenzao wa miji mingine, waliacha maduka na nyumba. Njiani kuelekea uwanja wa ndege wa Entebbe, wanajeshi vizuizini waliwavua wasafiri pete, bangili na mikufu. Sheria ya Mali Zilizotaifishwa ya 1982 iliwafungulia wenyewe njia ya kudai majengo na biashara. Bangili iliyovuliwa kizuizini haikuwa na hati wala namba ya kiwanja, haikudaika.

Nakivale: haki bila ushahidi

Makazi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958, yamewapokea Wanyarwanda, na baadaye Wakongo, Wasomali na Warundi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatambua haki ya mkimbizi kumiliki mali inayohamishika. Hata hivyo, stakabadhi ya mkufu ilibaki Bukavu au Mogadishu, na huenda sonara aliyeufua naye amehama. Mwanamke anayenunua bidhaa Mbarara na kupanga chumba Nyamityobora hana cha kuionyesha kampuni ya bima. Hubaki kuuvaa mkufu ndani ya nguo, kuuweka kwa ndugu, au kuuza na kuingiza fedha katika mchezo wa kupokezana, ambao Wasomali huuita ayuuto. Mchezo humsaidia kupata mtaji. Haumfidii mkufu ulioibwa.

Hitimisho

Sheria ya Uganda ya 2019 kuhusu dhamana za mali inayohamishika tayari inaruhusu mali ya aina hiyo kusajiliwa inapowekwa rehani. Mantiki hiyo inaweza kupanuliwa: cheti cha sonara anayetambulika, chenye uzito, karati na picha, kikubaliwe badala ya stakabadhi iliyopotea. Kwa kuwa gharama ya kutathmini kipande kimoja kidogo inaweza kuzidi faida yake, bima ya kikundi inafaa zaidi. Hatua hii haitaondoa kipengele cha vita, lakini itawakinga wenye vito dhidi ya wizi na moto, ambazo ni hatari za kila siku makazini na mjini.