Herufi Nene na Vijiguu Vyake

Jioni hii twataka kuwaeleza habari za kitu mkionacho kila siku wala hamkiangalii, yaani zile herufi nene zipigwazo chapa juu ya matangazo.

Mtu wa Mikindani au Lindi hatapata taabu kufahamu asili yake. Wazee wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya tete yenye ncha pana. Ikienda upande huu huacha mstari mnene, ikigeuzwa huacha mwembamba. Herufi za Kirumi nazo zina unene na wembamba wa namna hiyo, na ncha za mistari yake humalizwa kwa vijistari ambavyo sisi darasani twaviita vijiguu, maana herufi yasimama juu yake kama kigoda.

Kunenepa kulikuja kwa biashara. Mwanzo wa karne ya 19 wenye maduka na bahati nasibu huko London walitaka karatasi za kubandika ukutani. Wachonga herufi wakaivimbisha mistari minene kama matumbo ya mitungi, na ile myembamba wakaiacha kama uzi. Zilivuta macho, lakini zilichosha msomaji. Ndipo mwaka 1845 Robert Besley, wa kiwanda cha Fann Street, alipotoa herufi iitwayo Clarendon, iliyochongwa na Benjamin Fox. Mistari yake myembamba ilitiwa nguvu. Vijiguu vikawa vinene, vikaungana na mguu kwa mpindo, kama shina la mbuyu lishikavyo ardhi. Tena iliweza kukaa mstari mmoja na herufi za kawaida, hata neno moja la kamusi likaonekana bila kuwasukuma jirani zake. Besley aliliandikisha umbo lile kisheria akapata haki ya miaka 3. Ilipokwisha, wengine wakaiga.

Kwetu chapa ilipitia Unguja. Edward Steere, aliyefika pamoja na Askofu Tozer mwaka 1864, aliwafundisha vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa kupanga herufi za risasi moja moja, nazo zimegeuka kama zionekanavyo katika kioo. Mwaka 1876, akiwa Askofu, alipitia Lindi na watu walioachwa huru, akaanzisha kijiji Masasi. Na masomo ya herufi za Kirumi yakafuata.

Tulipokuwa wanafunzi tulimkuta mzee mmoja wa kijiji cha karibu na mdomo wa Ruvuma, aliyesoma chuoni na kuwaandikia watu barua kwa herufi za Kiarabu. Alikuwa amesimama mbele ya tangazo lenye herufi nene kama vidole. Tukamwamkia shikamoo. Akaitika, kisha akauliza, "Wajukuu zangu, hili lipigalo kelele lasema nini?"

Tulimsomea. Lilikuwa la kuandikisha mashamba, na siku ya mwisho ilikuwa imepita juzi. Nasi tujuao kusoma tulikuwa tumelipita siku 5 mfululizo; kwa kuwa aliyelipanga alinenepesha neno TANGAZO na jina la ofisi, na ile siku akaiweka chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Mikorosho ya mzee yule haikuingia kitabuni mwaka ule.