Kijana na Riwaya Isiyo ya Mtihani

Lawama kwamba vijana hawapendi kusoma ni kongwe, ila kila kizazi huitoa kana kwamba ndiyo kwanza imezuka. Historia ya riwaya ya Kiswahili haiungi mkono lawama hiyo. Kijana amesoma kila alipopata hadithi ya kumvuta, hata pale ambapo mwandishi hakumfikiria kabisa. Aliyekosekana kwa miaka mingi ni mtu wa kumwandikia yeye. Tazama vitabu vya mwanzo vilivyomfikia. Mwishoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikitafuta vitabu vya kusomwa shuleni, Frederick Johnson alishiriki kuingiza katika Kiswahili riwaya za Waingereza, zikiwemo Kisiwa Chenye Hazina ya Stevenson na Mashimo ya Mfalme Sulemani ya Rider Haggard. Zote mbili zilikuwa chakula cha wavulana wa Uingereza. Haggard aliitabaruku yake kwa wavulana, wakubwa kwa wadogo. Kwa hiyo kijana wa Tanga au Tabora aliingia kwenye riwaya kwa mlango wa nyumba ya watu, na humo akamkuta Mwafrika, hata akiwa mfalme, anatazamwa kwa macho ya mwindaji Mzungu. Akasoma hivyo hivyo, kwa sababu ramani ya hazina ni ramani ya hazina.

Mageuzi hayakutoka darasani. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji lililoanzishwa mwaka 1948, na mwaka 1960 Mzimu wa Watu wa Kale ikatoka kitabu. Mpelelezi wake, Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, ni ndugu wa Sherlock Holmes bila kificho. Lakini kesi anazofumbua ni za Unguja: mizimu, mashamba, urithi, siri za nasaba. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo, na mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta jasusi Willy Gamba katika Kufa na Kupona, riwaya iliyochota uhai wake katika harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, wakati ambapo Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hakuna kati ya vitabu hivi kilichobandikwa jina la kitabu cha vijana. Hata hivyo vina kila anachokitaka kijana: mwendo wa kasi, mazungumzo mengi, fumbo linalokataa kumwacha alale. Wahakiki waliviita fasihi pendwa, jina ambalo mara nyingi lilitamkwa kwa pua iliyokunjwa.

Wapo watakaosema kwamba hadithi hizo zimejaa bastola, pombe na wanawake waliowekwa kama chambo, na kwamba si malezi. Kuhusu wanawake wana haki kabisa. Hilo ni doa ambalo sifa za kasi na fumbo haziwezi kulifuta. Lakini dawa yake ni kuandika hadithi ya upelelezi iliyo bora, yenye msichana mwenye akili zake, si kumnyang'anya kijana kitabu na kumpa hotuba. Hotuba anazo za kutosha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: bila vitabu teule vya shule, wachapishaji wengi wangefunga milango. Ni kweli. Shule ndiyo iliyofikisha Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo kwa maelfu ya wanafunzi wa Tanzania, na nchini Kenya ndiyo iliyomfanya Kongowea, kijana wa Siku Njema ya Ken Walibora ya mwaka 1996, ajulikane hata na wasiosoma kitabu kingine chochote cha Kiswahili. Ila tazama kilichofuatana na mauzo hayo, yaani ile miongozo. Mwanafunzi akishajua kwamba ataulizwa dhamira na tamathali za usemi, hununua mwongozo, hukariri, na riwaya yenyewe hubaki haijafunguliwa. Siku Njema ilipendwa kwa sababu kijana anayesafiri kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua ni hadithi tamu hata mtihani ukiondolewa. Kutahiniwa kuliiuza tu.

Pengo la riwaya aliyoandikiwa kijana bado lipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, uliwapa wachapishaji uhakika kwa kununua sehemu ya nakala na kuzigawa shuleni, na hadithi za Kiswahili za watoto wa msingi zikaongezeka. Ilipokuja Tuzo ya Burt, tuzo ya vitabu iliyolenga hasa vijana wa sekondari, miswada ya Tanzania ilitakiwa iandikwe kwa Kiingereza. Sababu inaeleweka, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia huko. Lakini maana yake ni kwamba mtoto aliyezoezwa kusoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba aliachwa njiani akiwa na miaka 13 au 14, umri ule ule ambao Bwana Msa angempokea. Wachapishaji, wekeni riwaya fupi ya kijana huyo kituo cha daladala, kwa bei ya chipsi. Nanyi walimu, akiinunua, msimtungie maswali.